Wakili wa mikataba kwa biashara ndogo: hela ya lazima au ya kutupa?

Huu ubishi kwa wafanyabiashara wa hapa Tanzania hauishi, kwamba ukiwa na wafanyakazi watano sita una haja gani ya kumlipa wakili akuandikie mikataba, wakati intaneti imejaa sampuli, unabadilisha jina na mshahara, unaprinti, mnasaini, kazi inaendelea. Wanaosema hivyo wana hoja na siwabezi hata kidogo.

Mkataba wa ajira wa kawaida hauna uchawi. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kimeshataja vya kuandika: maelezo ya mfanyakazi, kazi yenyewe, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, mshahara na unavyopigwa hesabu. Hata ukisahau kuandika likizo, siku 28 za mwaka mfanyakazi anazo tu kwa sababu sheria imempa. Alafu mawakili wengine nao wanatuangusha jamani, mtu kalipa hela nzuri anapewa kurasa kumi na tano za Kiingereza kizito, na anayezisaini ni mlinzi wa getini ambaye haelewi hata mstari mmoja, wakati sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri ahakikishe mtu wa hivyo anaelezwa mpaka aelewe.

Lakini sasa siku mkikorofishana. Mfanyakazi aliyefukuzwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, na pale anayetakiwa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa ya haki na utaratibu ulifuatwa ni mwajiri. Huna mkataba wa maandishi? Yeye akisema mlikubaliana laki sita na wewe unasema laki nne, mzigo wa kuthibitisha ni wako. Na kama ulichukua sampuli ya zamani, kumbuka sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho 2025, likizo ya uzazi kwa aliyejifungua mtoto njiti imeguswa, sampuli yako wala haina habari hiyo.

Panaponiumiza zaidi mimi ni kwenye hii mikataba ya huduma. Unakuta bosi anamchukua dereva, anamsainisha "mkataba wa huduma", yaani aonekane mtu anayejitegemea na sio mwajiriwa, ili akwepe PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na ile asilimia 20 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Dereva anaripoti saa moja asubuhi, gari ni la kampuni, fulana ina nembo ya kampuni, akitaka kwenda msibani anaomba ruhusa, hana mteja mwingine duniani, na mwisho wa mwezi anasaini invoisi iliyoandaliwa na mhasibu wa hapohapo ofisini. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 kinasema mtu anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwepo hata dalili moja tu: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, unampa vitendea kazi, anakutegemea wewe kiuchumi, na nyingine kadhaa. Huyu dereva anazo karibu zote. Kichwa cha karatasi hakimsaidii bosi kitu, na dereva miaka yote hiyo hana akiba NSSF. Sampuli ya intaneti haitakuuliza gari ni la nani. Wakili mzuri atauliza.

Alafu kuna huduma za kweli, kampuni ya usafi au fundi anayekutengenezea mfumo wa mauzo, na hapa ndo nadhani wengi tunapanga hela vibaya, tunalipia mkataba wa ajira ambao mapengo yake mengi sheria inayajaza yenyewe, ila huduma ya milioni nane tunaimaliza kwa meseji za WhatsApp. Sheria ya Mikataba ipo ndiyo, lakini haitakuandikia kazi inaisha lini, akichelewa inakuwaje, nywila za mfumo anabaki nazo nani, malipo ya mwisho yanatoka kabla au baada ya majaribio. Usipoyaandika, utayabishania. Kama bajeti ni ndogo mimi ningempa wakili huo mkataba kwanza, na ule wa ajira aniandalie mmoja wa Kiswahili niutumie kwa wote wa kazi moja.

Hata hivyo wakili sio kinga ya kila kitu. Bosi mwenye mkataba safi kabisa anamfukuza mtu kwa simu akiwa na hasira, hajampa tuhuma kwa maandishi, hajamsikiliza, hana muhtasari wa kikao chochote, na kwa utaratibu wa kuachisha kazi ulio kwenye Kanuni za Utendaji Bora za 2007 hapo ameshajiharibia hata kama yule mtu aliiba kweli. Kwa hiyo ile simu ya kumuuliza wakili ipigwe kabla barua ya kuachisha kazi haijatoka, sio baada ya wito wa CMA kufika mezani.