Treni ya mzigo: ipewe jina linaloongea ama namba kavu tu?

Madaraka Express, ile treni ya abiria ya Mombasa, kila mtu Nairobi anaijua kwa jina tangu 2017. Sasa uliza watu wa Syokimau ile ya mizigo inayopita hapo kwenda Embakasi, kontena zimepandishwa mbili mbili, inaitwaje. Kimya. Na hiyo ndio inabeba biashara yenyewe, abiria ni maringo tu (msinikasirikie).

Ukweli ni kwamba hakuna reli yoyote duniani inaachilia treni ya mzigo itembee bila kitambulisho, shida ni kitambulisho cha aina gani, na hapo watu wa reli wamegawanyika kambi mbili kwa miaka mingi sana. Kuna wanaotaka jina lenyewe liongee, likwambie treni imetoka wapi, inaenda wapi na imebeba nini. Na kuna wale wa namba fupi, haisemi kitu, we kariri tu uendelee na kazi.

Chukua BNSF, kampuni ya reli ya Marekani, hao ni kambi ya kwanza kabisa. Treni yao moja inaandikwa Z-WSPSBD, halafu inafuatwa na namba na tarehe. Z ni mzigo wa haraka wa kontena na trela, zile ambazo zikichelewa kuna bosi anapigiwa simu. WSP ni Willow Springs pale karibu na Chicago, SBD ni San Bernardino huko California. Ikiwa C ni makaa ya mawe, G ni nafaka, V ni magari, M ni mchanganyiko wa kila kitu. Ile tarehe ya mwisho watu huidharau lakini ndio imeshikilia mambo, kwa sababu safari ya Chicago mpaka California haiishi siku moja, kwa hivyo treni ya tarehe 15 na ya tarehe 16 zinaweza kuwa njiani wakati mmoja na herufi zote zinafanana, kinachozitofautisha ni siku iliyotoka. Ikifika tarehe 17 bado inaitwa ya 15. Union Pacific (UP), kampuni nyingine ya huko, wanafanya hivyo hivyo ila kwa kubana, MNPRV ni mchanganyiko kutoka North Platte, Nebraska, kwenda Roseville, California, basi.

Faida ya hii ni wazi. Kijana ameandikwa kazi ya yadi juzi, pale mabehewa yanapopangwa kuwa treni, hajui mtu, hajui njia, lakini karatasi ikisema MNPRV anajua mabehewa ya Roseville yanaingia hapa na ya Texas hayahusiki. Haulizi mzee yeyote. Kwa yadi kama Bailey pale North Platte, ambayo ndio kubwa kuliko zote duniani, kuuliza uliza ni muda na muda ni mzigo umelala.

Lakini jina linaloongea linaweza pia kudanganya. Treni imetoka inaenda San Bernardino, njiani mambo yameharibika, mabehewa nusu yanakatwa yaachwe mahali, zingine zinapelekwa kwingine, sasa jina bado linasema San Bernardino na treni yenyewe haiendi huko. Aidha ubadilishe jina katikati ya safari, na kila kompyuta na kila karatasi ifuate, ama uache lisome uongo. Namba haina shida hiyo kwa sababu haikuahidi kitu. Na yadi ikifungwa au njia ikibadilishwa, wa herufi wanaanza kutunga upya, wa namba wanaendelea na ile ile. Tena kwa redio namba ni rahisi, herufi saba za BNSF kelele ikiwa nyingi B inasikika kama D na P kama T, mpaka useme kila moja kwa kirefu.

Hapo ningesema ni sare, lakini kuna kitu wabishani wengi wanakiruka. Lile jina refu la BNSF halijaandikwa popote kwenye treni. Hakuna bango. Kwa hivyo dereva aliyesimamishwa kwenye njia ya pembeni akingoja mwenzake apite, akiona taa zinakuja, atajuaje kama ni ile aliyoambiwa angoje? Ndio maana Marekani kibali cha kutembea relini hakitumii lile jina refu, kinatumia namba ya injini ya mbele na upande inakoelekea. Unaambiwa, mfano, kibali chako hakianzi kufanya kazi mpaka UP 5432, yaani injini ya Union Pacific namba 5432, ya kwenda magharibi ifike hapo ulipo. Unangoja, inakuja, unasoma namba pale mbele imewaka taa, 5432, sawa, sasa unaweza kutoka. Ukisoma nyingine, unakaa. Hapo ukikosea si mzigo kuchelewa, ni treni mbili uso kwa uso.

Ni kama matatu zetu tu. 33 inakwambia ni ya Embakasi, hiyo ni ya kukusaidia kupanda, jina la nganya, yaani matatu iliyopambwa, ni la kupendeza macho, lakini ukisahau simu ndani au ukigongwa, kitu kitakachokusaidia ni namba pleti. Kila moja ina kazi yake na hakuna anayesema tufute mbili tubaki na moja.

Kambi ya jina refu nayo inajibu, na jibu lao si la kutupa: injini hubadilishwa. Injini ya mbele ikikufa njiani ikaletwa nyingine, treni ile ile, mzigo ule ule, imepata utambulisho mpya kwenye vibali. Na kwa sababu kampuni za Marekani hukopeshana injini kila wakati, unaweza kupata treni ya Union Pacific, kwenye reli ya Union Pacific, inaitwa kwa herufi za kampuni nyingine kwa vile injini iliyo mbele ni ya jirani. Mtu wa kupanga ratiba hawezi kufuata mzigo wa siku tatu kwa kitu kinachobadilika hivyo. Ni kweli kabisa. Lakini huyo ako ofisini, hayuko gizani akingoja taa.

Waingereza walijaribu kuunganisha yote. Treni yao ina alama nne, tarakimu ya kwanza ni daraja, 4 ni mzigo wa mbio, 6 ni wa maili 60 kwa saa, 7 wa 45, kisha herufi na namba mbili. Fupi na bado inaongea kidogo. Zamani alama hizo zilionyeshwa mbele ya treni watu wa signali wasome kwa macho, ikifika 1976 wakaacha kuzionyesha kwa sababu vyumba vya signali vilishapata mitambo ya kufuata treni, alama inasogea kwenye ubao yenyewe. Mtu akisema siku hizi kompyuta inajua kila kitu kwa hivyo kuona kwa macho hakuna maana, huo ndio mfano wake mzuri. Ila hata hapo fupi imeleta shida, alama hizo nne zinajirudia, siku moja treni mbili sehemu tofauti za nchi zinaweza kuwa na moja, ikabidi kompyuta ipewe kitambulisho kirefu cha alama kumi nyuma ya pazia. Ufupi ni deni, mtu atalilipa mahali.

Majina ya sifa nayo yalikuwepo. Santa Fe, reli nyingine ya Marekani, walikuwa na treni ya mzigo ya Super C kuanzia 1968, Chicago mpaka Los Angeles kama saa 40, ikafa 1976. Jina zuri, soko halikutosha. Sisi hapa tulipeleka sifa kwa injini yenyewe: ukienda Railway Museum karibu na stesheni ya Nairobi utaikuta 5918, ile injini kubwa ya mvuke aina ya Garratt, ya daraja la 59, imeandikwa Mount Gelai ubavuni, maana hizo zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ziliundwa 34, katikati ya miaka ya 50, na zilikuwa zinavuta mizigo. Namba na jina, vyote viwili kwa chuma, unasoma ukiwa umesimama chini. Kwa maoni yangu hiyo inashinda kila kitu nimetaja.

Sasa upande ambao hauulizwi kabisa, wale wanaoishi kando ya reli. Februari 3, 2023, treni ya mzigo ya kampuni ya Norfolk Southern iliyoitwa 32N ilitoka relini pale East Palestine, Ohio, mabehewa 38 yakaanguka, 11 kati yao yana kemikali hatari. 32N. Hiyo ni namba kavu ya kambi ya pili, haisemi chochote. Wafanyakazi wenyewe walikuwa wameipa jina lao, 32 Nasty, yaani walishajua ni treni ya taabu, lakini zimamoto wa mji mdogo angejulia wapi. Wengine walisema herufi zingeonyesha hatari, na mimi hapo sikubali, kwa sababu hata ukiandika M ya mchanganyiko bado hujasema behewa gani lina nini. Kinachosaidia ni namba ya behewa. Tangu 2014 kampuni za reli huko zina programu inaitwa AskRail, zimamoto aliyesajiliwa akiingiza namba ya behewa anaona kilichomo, na 2024 serikali ikaweka sheria kwamba kampuni ziwe na orodha ya mzigo hatari inayosasishwa kila wakati na zimamoto wapewe mara moja ajali ikitokea. Jina la treni halikuguswa, na sawa tu.

Na hapa Nairobi? Ajenti wa kliaringi pale bandari kavu Embakasi hashughuliki na jina la treni, yeye ana namba ya kontena, herufi nne, ya mwisho ikiwa U, na tarakimu saba, ile ya saba ikiwa ya kuhakikisha hujakosea kuandika. Hiyo inamtosha mzigo ukishafika. Haimtoshi ukiwa bado uko njiani, kwa sababu kontena haitembei, treni ndio inatembea, na swali lake asubuhi ni imetoka Mombasa saa ngapi na iko wapi sasa hivi. Kwa huyo ningependa kitu kama cha BNSF, MSA halafu NBI na tarehe ya kutoka, kiwekwe kando ya namba ya kontena yake kwenye simu. Dereva na mtu wa kontroli wabaki na namba ya injini yao.