Jini wa Ghorofa ya Tatu

Kutafuta nyumba Mombasa siku hizi ni vita bwana. Ukisikia flati inauzwa Nyali ama Kizingo, mpaka ufike dalali ashapokea pesa za watu wengine na wewe bado anakudai hela ya kufunguliwa mlango tu uchungulie. Ukisema basi niende Majengo nikanunue nyumba ya Kiswahili kwa bei ya kawaida, waambiwa ni nyumba bila shamba, yani kuta ni zako na ardhi ni ya mtu mwengine, siku akitokea na karatasi zake utajua hujui. Ndio mimi nikaingia ushirika wa nyumba. Jina silitaji, mwenyekiti wetu anapenda kesi.

Raha ya ushirika ni kuwa mwanachama mmoja kura moja, hata awe na hisa nyingi vipi. Karaha yake ni hiyo hiyo, kila mtu ana mdomo. Tukachanga weee, mwisho jengo likasimama huko Tudor, flati kidogo wanachama tele, na kila flati inatoka na hati yake kwa ile sheria ya 2020 ya kumiliki flati moja moja. Zote zafanana isipokuwa moja, ghorofa ya tatu pembeni, kusi ikivuma inaingilia sebuleni inatokea jikoni, feni waweza kuigawa. Sote tukaitaka hiyo. Utaratibu ni ujaze fomu ulete asilimia kumi ya bei, mkizidi mmoja mnaokota vikaratasi, bahati ndio iamue.

Siku ya kuitazama nikaenda na mjomba, mzee wa Mji wa Kale, anajua mambo ya ujenzi, ama ndivyo anavyosema. Watu wamejaa utadhani Kongowea alfajiri, huyu anapima ukuta kwa mtandio, yule ashaamua kabati litakaa wapi na anamgombeza mumewe. Mjomba akanivuta shati, "Mwanangu, wote hawa wanaitaka?" Nikamwambia wote. Akanyamaza. Mara huko chini pampu ya kisima ikawashwa, bomba la ndani ya ukuta likanguruma huuuuu, kisha ko ko ko. Mjomba akafumba macho polepole, akasema, "Audhubillahi. Kumbe bado yupo."

Yupo nani? Watu wakamzunguka. "Mie siwezi kusema mbele ya watoto." Na kweli hakutamka neno jini hata mara moja, hilo lazima nimpe. Lakini ngazi haikutosha wallahi! Mama mmoja alishuka akaacha kandambili yake mlangoni na hakurudi kuifuata. Kufika usiku kwenye grupu ya WhatsApp jini ashaota kwato, kichwa kinagusa dari, na mlinzi amemuona kwa macho yake, mlinzi mwenyewe hata tulikuwa hatujamuajiri.

Fomu ikabaki yangu peke yangu. Nikawa natembea Tudor nzima natabasamu, napiga hesabu za wakili na ile asilimia nne ya stempu ya serikali. Sako, chama changu cha akiba na mikopo, inanikopesha mara tatu ya akiba yangu, ila lazima niwe na wadhamini, na wadhamini wangu nao wako kwenye grupu hiyo hiyo. Wakajitoa. "Jini akikufukuza ukahama, deni atalipa nani, yeye ama sisi?" Sikuwa na jibu. Nyumbani nako mke wangu, "Nikakae na jini? Si nishakaa na mamako?" Hapo ndio nikanyamaza kabisa.

Mambo yakafika mkutanoni, chini ya Mengineyo, na muhtasari ninao mpaka leo, umeandikwa "wanachama walijadili mkaazi asiye mwanachama katika ghorofa ya tatu." Kuna aliyeuliza kama atachangia bili ya maji. Mweka hazina akajibu kwa uso mkavu kuwa sheria ndogo za ushirika hazimtambui. Wakapitisha aitwe ustadhi asome, na gharama iwe juu ya mwombaji. Mwombaji ni mimi.

Ustadhi akaja na chetezo na ubani wake, akatandika mkeka, ndio kwanza anaanza kisomo, pampu hiyo, huuuuu! Kamati yote ikawa ngazini. Ustadhi akasimama, akatega sikio ukutani, akagonga kwa fundo la kidole. "Bomba hili halikushikizwa. Mwiteni fundi." Akapokea bahasha yake. Halafu akasogea dirishani, kanzu ikajaa upepo, akauliza, "Hizi fomu zenu zinatoka wapi?"

Habari ikaenea kuwa hamna jini, fomu zikarudi zote na za ziada, vikaratasi vikapigwa, flati akachukua yule mama wa kandambili. Mimi nikaangukia ya chini, dirisha la chumbani linatazamana na chumba cha pampu, na maji yenyewe ya chumvi hata chai hayapikiki.

Juzi mjomba akaja kulala kwangu. Usiku wa manane pampu ikawaka. Akakurupuka, akakaa kitako gizani. "Mwanangu, umesikia?"

"Ni pampu, mjomba."

"Ndivyo watu wanavyosema," akajibu, huku anapapasa viatu, ikabidi nitoke na msuli saa nane usiku kumtafutia tuktuk, na nauli nikalipa mimi.