Dizeli ya zamani kusini: nafuu ni ya nani?

Mjini Mtwara wapo wanaouza gari dogo la petroli ili wanunue Corolla yenye injini ya dizeli ya 2C au Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, za miaka ya tisini, kwa sababu dizeli inakwenda mbali. Kwenye hilo hawajakosea. Lita moja ya dizeli ina nishati kuishinda ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yake, inayowasha mafuta kwa joto la hewa iliyogandamizwa, hupoteza kidogo kuliko ya petroli.

Ninachopinga ni kuishia hapo. Tuseme la petroli linakwenda kilomita 10 kwa lita na la dizeli 14. Mtu wa kilomita 1,000 kwa mwezi anaokoa lita 28 na ushei. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni kama 86,000, na kwa mwaka inapita milioni moja. Huyo ni msafiri wa Mtwara na Masasi, kilomita kama 200 kwenda tu, au mnunuzi wa korosho anayezunguka Newala na Tandahimba msimu ukifunguka. Mwalimu wa kilomita 300 kwa mwezi, ambaye safari zake zinaishia mjini, anaokoa 26,000 hivi. Pampu ya dizeli ikianza kuvuja au nozeli, zinazopulizia mafuta kwenye injini, zikichoka, akiba yake ya miezi mingi inaishia gereji siku moja.

Tena bei hazitulii. EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila mwezi, na yetu ya kusini hukokotolewa kwa mafuta yanayoshushwa bandari ya Mtwara. Ipo miezi ambayo dizeli hupanda juu ya petroli.

Uzee wenyewe siuogopi sana. Pampu ya kimakanika haihitaji kompyuta, na fundi mzuri wa Nachingwea au Ruangwa anaifahamu. Dizeli za kisasa zina nozeli zinazoharibika kwa maji kidogo tu kwenye mafuta, kwa hiyo hapa la zamani lina nguvu yake. Baridi ya kusumbua kuwasha asubuhi nayo pwani hatuna. Tatizo letu ni joto. 2C ikichemka, hedi (kichwa cha injini kilicho juu ya silinda) hupasuka, na mlima wa kupandia Newala ukitokea Masasi hausamehe rejeta iliyoziba. Kwa gari lililokaa miaka pwani, ingia chini utazame chasisi, maana chumvi huila kimyakimya.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye daftari la mwenye gari. Mwaka 2012 IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayotafiti saratani, iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Magari haya hayana chujio la masizi. Wanaouvuta ni watoto wanaotembea kando ya barabara kwenda shule, nami siwezi kuliita gari la namna hiyo la bei nafuu kama nozeli zake, ambazo zikichoka huongeza moshi, hazijapimwa.

Halafu gesi. Gari la petroli linaweza kufungwa mfumo wa gesi asilia, gesi ileile inayochimbwa Mnazi Bay na Songo Songo. Dizeli haina plagi za kutoa cheche, hivyo kuibadilisha ni kazi kubwa na ghali. Anayeuza petroli yake leo anaufunga mlango huo, na kwa watu wa Mtwara na Lindi ni mlango wa kuufikiria.

Kwa hiyo ushauri wangu: anayesafiri wilayani kila wiki, na ana fundi anayemwamini, anunue. Wa mjini abaki na petroli yake. Na anayenunua aende asubuhi, injini ikiwa baridi, afungue mfuniko wa rejeta kabla ya kuwasha, kisha awashe na kuangalia kama maji yanatoa mapovu, dalili ya hedi mbovu, na moshi una rangi gani. Akikuta muuzaji ameshaliwasha na kulipasha moto, arudi siku nyingine.