Hatua ya Saba, Nipo Uvinza

Kosa halikuwa la Git, ile programu inayotunza kila badiliko unalofanya kwenye kazi yako ya kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu mke wangu mpaka leo anaiita "lile jini lako la kompyuta".

Niliamua kuwafundisha vijana wa mtaani kwetu Mwanga, hapa Kigoma, kuandika programu kwa lugha ya Python. Vijana sita, sebuleni kwangu, kompyuta nimeichomeka kwenye runinga. Programu yenyewe ilikuwa ya kumsaidia shangazi, ambaye hununua dagaa Kibirizi na kuwakopesha nusu ya mji: nani kachukua ndoo ngapi, nani kalipa, nani anapita njia ya nyuma.

Kuandaa somo la hatua kwa hatua kunachosha. Unanakili kodi (mistari ya programu, si ile ya TRA) kwenye somo, kesho unagundua kosa hatua ya pili, unalirekebisha, na hatua zote zinazofuata zinabaki zinasema uongo. Nikasema hapana, kila hatua nitaikomiti kwenye Git, yaani niihifadhi pamoja na ujumbe wake mfupi. Nikaandika kijiskripti cha terminali, kijiprogramu kifupi kinachosoma historia hiyo kwa amri ya git log --reverse (bila hilo neno la mwisho somo linaanzia kwenye hitimisho, niliwahi kulifundisha hivyo dakika kumi nzima). Ujumbe wa komiti unakuwa kichwa cha hatua, mistari iliyobadilika inafuata chini yake. Amri moja, somo zima. Nikajiona mjanja.

Shida ni kwamba nakomiti saa nane usiku. Mtu wa saa hiyo haandiki kichwa cha somo, anaandika yaliyo moyoni.

Jumamosi ikafika. Vijana wameshakaa, mara hodi. Baba mkwe! Katoka Kasulu bila taarifa, na mkungu wa ndizi. Shikamoo mzee, karibu mzee. Akajiweka kochi la nyuma. "Endeleeni tu, na mimi nijifunze."

Hatua ya 4 ikatokea kwa herufi kubwa: "Mbona 3 na 4 ni 34, shenzi kabisa." Vijana wakacheka, nami nikapata pa kufundishia. input() hukuletea maandishi, si namba, kwa hiyo + inayagundisha tu. Mteja wa ndoo 3 akiongeza 4, shangazi anamdai 34. Hatua ya 5: "Nimeweka int(), naenda kulala." Hiyo int() hugeuza maandishi kuwa namba. Baba mkwe akatikisa kichwa. "Hiyo ya ndoo nimeielewa."

Nikavimba kichwa. Nikabonyeza mpaka ya 7.

"Nimeongeza orodha ya wadaiwa. Baba mkwe akipiga tena kuhusu yule ng'ombe aliyebaki, nipo Uvinza."

Unajua, ile orodha ilikuwa imenikumbusha kwamba na mimi ni mdaiwa. Chini ya kichwa hicho kodi yenyewe ilikuwa mstari mmoja: wadaiwa = []. Orodha tupu, na mdaiwa kasimama mbele ya runinga.

Kwa nini sikuchomoa waya? Usiniulize. Mimi nilikimbilia kurekebisha historia. Nikaandika git rebase -i --root, amri ya kuandika upya komiti zote tangu ya kwanza, ikafunguka Vim, programu ya kuhariri maandishi, na Vim ikaanika jumbe zote kwa mpigo, pamoja na ya 9 ambayo hatukuwa tumeifikia: "Mama mkwe naye kaanza." Nikabonyeza kila kitufe ninachokijua. Kishale kikawa kinarukaruka kama migebuka kwenye wavu. Kijana mmoja wa Gungu akaninong'oneza, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Ticha, Esc, halafu nukta mbili, q, na alama ya mshangao."

Nikafuata. Git ikatangaza kwamba imefanikiwa, maana nilikuwa nimeondoka bila kubadili hata herufi.

Baba mkwe hakusema neno. Alikula ugali wake, akanawa, akaaga.

Usiku nikatulia, nikabadili kila pick (iache komiti ilivyo) ninayoionea aibu kuwa reword (badili ujumbe wake), nikaandika vichwa vya mtu mwenye heshima zake. Haikusaidia. Wajerumani walipoizamisha meli ya Liemba mwaka 1916 waliipaka mitambo grisi kwanza, na mwaka 1924 ikaibuliwa. Git nayo hivyohivyo: komiti ya zamani unaidhania imezama, kumbe iko kwenye reflog, daftari ambamo Git huandika kila ulipopita, na kwa kawaida hukaa humo siku 30 au zaidi. Halafu vijana walishaubeba mradi mzima kwenye flashi, na mtaani wameanza kunisalimia, "Ticha, za Uvinza?"

Jumatatu simu ikaita. Nikaiacha iite mara tatu, nikapokea.

"Mkwe, uko wapi?"

"Nipo nyumbani, mzee."

"Ahaa. Nilidhani uko Uvinza, nikuagize chumvi kilo mbili."

"Nitakutafutia, mzee. Ya mboga?"

"Ya kumchomea yule ng'ombe."