Uvimbe Uliopimwa Ulitoka kwa Nani?

Kila nikisoma kuhusu alama za seli shina katika saratani ya kibofu cha mkojo, yaani proteini zinazotambulisha seli ambazo uvimbe huchipua kutoka kwazo, mimi ninayeshinda maabara hapa Malindi huuliza hilo kwanza.

Utafiti wenyewe si wa kubeza. Saratani nyingi za kibofu hugunduliwa zikiwa bado juu juu. Daktari huingiza kamera, huukwangua uvimbe, na mgonjwa hurudi nyumbani. Mara nyingi uvimbe nao hurudi, na wachache huchimba hadi kwenye msuli. Nani ataangukia kundi hilo? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba seli zenye proteini ya CD44, zikipandikizwa kwa panya, huotesha uvimbe mpya kwa wepesi kuliko zisizo nayo. Mwaka 2012 ikaongezwa alama nyingine, proteini iitwayo keratini 14: wagonjwa waliokuwa nayo kwa wingi kwenye uvimbe waliishi muda mfupi zaidi. Halafu 2015 ikaja iliyoninyima usingizi. Dawa za saratani zinapoua seli, zile zinazokufa hutoa kemikali iitwayo prostaglandini E2, na hiyo huziamsha seli shina zilizolala. Ni ndago tupu: unalima juu, chini zinachipua. Kwa panya, selekoksibu, dawa ambayo wengi wanaijua kwa maumivu ya viungo, ilipunguza kuchipua huko.

Sasa turudi kwetu. Kazi nyingi za namna hii zimefanyiwa saratani ya utando wa kawaida wa kibofu, ile ambayo sigara ndiyo mchochezi wake mkuu. Pwani tuna sigara, ndiyo, lakini tuna na kichocho. Minyoo hutaga mayai kwenye mishipa ya kibofu. Mengine hutoka na mkojo, mengine hunasa ukutani na kuuchoma miaka nenda miaka rudi, mpaka utando unageuka kuwa wa seli bapa, za aina ya zile za kinywani. Saratani inayozuka hapo nayo mara nyingi huwa ya seli bapa. Daktari Ferguson aliuhusisha ugonjwa huu na saratani ya kibofu akiwa Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 mnyoo huyu akaingizwa rasmi katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, sawa na tumbaku.

Hapo ndipo keratini 14 inaponitia shaka. Ni proteini ya kawaida ya seli za chini katika utando wa seli bapa. Kuikuta kwenye uvimbe uliotokana na kichocho si ajabu hata kidogo! Alama inayomtenga mgonjwa wa hatari kule London huenda isimtenge mzee wa Magarini na jirani yake.

Mayai yenyewe hayajifichi. Tunaomba mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati yanapotoka kwa wingi, na tunamsisitizia mtoto asimwage matone ya mwisho maana ndiyo yenye mali. Chini ya hadubini yai ni kama duaradufu, na ncha moja ina mwiba mfupi. Chembe nyekundu za damu zimelizunguka. Huhitaji kuwa profesa. Lakini mtu mzima akikojoa damu, mara ngapi anaandikiwa dawa ya UTI, na ikirudi anaandikiwa nyingine? Kampeni za dawa ya kichocho nazo kwa miaka zimelenga watoto wa shule, kana kwamba baba zao hawaingii madimbwi yale yale.

Maoni yangu ni kwamba kipande kinachokatwa kwenye kibofu cha mgonjwa wa Pwani kisiishie kwenye ripoti ya mistari miwili. Kihifadhiwe katika nta, iandikwe kama mayai yameonekana, na watafiti wa vyuo vyetu wazisome alama hizi humo, CD44 na nyinginezo, kisha wafuatilie nani aliishi na nani hakuishi. Fedha zake ni kisingizio nilichokwisha kuchoka kukisikia. Nta si dhahabu.

Kabla ya hapo, ripoti ya uvimbe wa kichocho ikiniambia keratini 14 ipo, sitaifanyia utabiri. Nitauliza kama msuli umeguswa, na kama aliyekata alichukua kipande kilichofika ndani vya kutosha kutujibu.