Vitz na Peugeot 504: lipi humlinda abiria?

Vitz ikipondeka mbele, hakosekani wa kusema, "Ingekuwa Pijo, hata rangi isingebanduka." Nimeyasikia tena juzi gereji, tukiitazama moja iliyogonga nyuma ya lori. Boneti imekunjamana, rejeta imesukumwa hadi kwenye injini. Lakini mlango wa dereva ulifunguka kwa kuuvuta kidogo tu, na dereva alikuwa ametoka kwa miguu yake. Hilo halikumshangaza yeyote pale.

504 siidharau. Ilitoka mwaka 1968, ikashinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na ile steshenwagoni ya safu tatu za viti imebeba watu na magunia kwenye njia ambazo Vitz ingekwaruza tumbo. Kabureta ikisumbua, fundi aliifungua kando ya barabara kwa spana na bisibisi. Taa ya injini ya Vitz ikiwaka, unaanza kutafuta mwenye mashine ya kupimia. Safari ya matope ningechukua 504, hata kwa petroli yote inayoitaka.

Ila tusichanganye ugumu wa bati na usalama wa mtu. Nguvu ya mgongano lazima iishie mahali. Pua ya gari isipoimeza, inafika kwa aliyeketi ndani. Vitz imeundwa pua ijikunje ili chumba cha abiria kisijikunje. Mwaka 2017, Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, waligongesha Rover 100 ya mwaka 1997 na Honda Jazz mpya, ndugu yake Fit tunayoijua, kila moja peke yake kwenye kizuizi, kwa kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Rover kiliporomoka juu ya sanamu ya dereva. Cha Jazz kilibaki kimesimama. Na muundo wa Rover ile ulianzia mwaka 1980, miaka 12 baada ya 504!

Uzito nao una neno lake: kigari kikikutana uso kwa uso na gari zito, chepesi ndicho kinachoumia zaidi. Mfuko wa hewa nao hautoshi bila mkanda, na Vitz nyingi tunazonunua zimeshapita mikono kadhaa. Kwa hiyo kabla ya kulipa, fungua swichi uitazame taa ya SRS, ile ya mifuko ya hewa. Inatakiwa kuwaka, kisha izime. Isipowaka kabisa, usilipe kwanza. Huenda mifuko ilishafyatuka na mtu akaificha ile taa.