Aibu Niliyoibeba Hadi Kileleni

Kosa langu lilikuwa kuoga. Alfajiri ile, kabla ya kupanda mlima na baba mkwe, nilijitumbukiza katika chemchemi ya maji moto, na kwa kuwa mji ule mdogo wote hunuka mayai viza kutokana na gesi ya haidrojeni salfaidi inayotoka pamoja na maji, pua yangu ilikwisha kuzoea hata nikadhani harufu imetoweka. (Ndivyo pua ilivyo mbele ya gesi hiyo: huinusa mwanzoni, kisha hukata tamaa.) Taulo lililolowa nililitia katika mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo ukiwa na hewa yake, nikausokomeza ndani ya shanta.

Tulipanda mita 1,500. Joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, hivyo tulifika kileleni meno yakigongana. Baba mkwe aliketi juu ya jiwe, akaanza kuwasimulia wapandaji wengine jinsi Mungu alivyomjalia mkwe mwenye adabu. Niliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikaliweka shanta kando yake, nikalikalia.

Nilichosahau ni kwamba kadiri mtu apandavyo mlima ndivyo kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ipunguavyo, na hewa iliyofungiwa hutanuka. Mfuko ulikuwa umevimba kama chura. Ulipasuka chini ya makalio yangu kwa mlio mrefu, wenye majimaji, usioacha shaka yoyote. Kisha, katika hewa safi ya kileleni, ikafuata harufu.

Mazungumzo yalikatika. Mama mmoja aliinuka taratibu, akahamia upande upepo unakotokea. Baba mkwe aliangalia bondeni kwa utulivu wa mtu aliyeamua kwamba hakusikia kitu.

"Baba, ni taulo," nilisema.

"Sijauliza, mwanangu."

Nilianza kueleza habari za kanieneo, jambo ambalo simshauri mtu yeyote alifanye akiwa amekalia ushahidi. Ndipo nikakumbuka pete yangu ya ndoa, ambayo ni ya fedha, na gesi ile huigeuza fedha kuwa nyeusi. Niliinua kidole kwa ushindi. Pete ilikuwa nyeusi tititi.

Baba mkwe aliushika mkono wangu, akaizungusha pete mara mbili kidoleni, akauachia.

"Hii ndiyo niliyowanunulia mimi," alisema.